Barua ya wazi kwa uongozi wa SACCOS yetu kuhusu kirusi hewa

Kirumba, Mwanza

Kwa Mwenyekiti, Katibu na Wajumbe wa Bodi

Ndugu viongozi,

YAH: TANGAZO LENU LA "KIRUSI HATARI" NA YALIYOFUATA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wenu, huu ni mwaka wa tisa. Nina steshenari hapa Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki na dagaa la Mwaloni. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, natengeneza simu na kompyuta. Hisa zangu zipo na marejesho yangu hayajawahi kulala. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadai kwamba anayepiga kelele ni mdaiwa sugu.

Barua yangu ya kwanza niliileta kwa mkono, ikasainiwa kwenye kitabu cha kupokelea. Ya pili niliisukuma chini ya mlango kwa sababu siku hiyo ofisi ilikuwa imefungwa saa saba mchana. Mara ya tatu nilipiga simu, nikajibiwa, "Mzee, hilo tumelipokea, linafanyiwa kazi." Hii ni wiki ya saba, na wapo wanachama wanaodaiwa fedha walizokwisha kulipa. Ndiyo maana naandika hadharani. Simtukani mtu. Wengi wenu tumekaa jamvi moja misibani, na shikamoo yangu kwa Mwenyekiti iko palepale.

Kwa ambao hawakuliona, tangazo lilikuwa kwenye karatasi yenye nembo ya chama, likagongwa mhuri wa bluu, likabandikwa mlangoni, kisha picha yake ikatumwa kwenye magrupu yote ya wanachama. Lilisema:

"TAHADHARI KUBWA!!! Kuna video ya ajali ya boti itaanza kusambazwa WhatsApp. USIIFUNGUE. Ina kirusi kinachoingia kwenye simu ndani ya sekunde 10 na HAKIZUILIKI kwa namna yoyote. Kinahamia mpaka kwenye kompyuta na kufuta kila kitu. Imetangazwa leo asubuhi na BBC na CNN. Mjulishe kila unayempenda."

Chini yake mkaongeza mstari wa kwenu: "Mwanachama ambaye simu yake imeshapokea video asiyoijua aisafishe mara moja." Mstari huo ndio ulionifanya nikae chini niandike.

1. Kirusi hicho hakikuwepo.

Ni kirusi hewa, kama wale wafanyakazi hewa waliotikisa nchi mwaka 2016: jina limo kwenye karatasi, mwenyewe hayupo. Nilipoanza kusoma tangazo lenu nilijua litakavyoishia, kwa sababu nimeshakutana nalo likiwa limevaa nguo nyingine. Septemba 2023, baada ya tetemeko la ardhi la Morocco, maneno hayohayo yalizunguka dunia: picha za tetemeko, faili liitwalo "Seismic Waves CARD", sekunde 10, hakizuiliki. Kabla ya hapo, enzi za korona, ilikuwa video kuhusu Argentina, na sekunde zilikuwa zilezile 10. Wanaosambaza hubadilisha msiba tu. Kwetu wakaweka boti, maana mtu wa kando ya ziwa hawezi kuipuuza habari ya boti.

Msidhani nawacheka. Mwaka 2002 nilikuwa kijana wa internet kafe hapa mjini. Ikaingia barua pepe ya Kiingereza: tafuta kwenye kompyuta yako faili liitwalo jdbgmgr.exe, lina alama ya kidubu cha kijivu. Hicho ni kirusi, kinalala siku 14 halafu kinaangamiza, na antivirusi za McAfee na Norton hazikioni. Nikatafuta. Kidubu kipo! Kompyuta sita, vidubu sita. Nikavifuta vyote, nikamwaga na pipa la taka, nikawahimiza na wateja wakafute vya kwao.

Kumbe faili lile ni la Windows yenyewe, limewekwa na Microsoft kwa ajili ya wanaoandika programu za Java. Antivirusi hazikuona kirusi kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Na kwa vile pale kafeni hapakuwa na mtu wa kuandika programu za Java, kompyuta ziliendelea kufanya kazi kama kawaida, nami nikaamini nimeziponya. Nilijisifu muda mrefu sana kabla ya kuelezwa ukweli. Kwa hiyo ninayeandika hapa naujua mtego huu kwa kuwa ulishaninasa.

2. Mhuri wenu uliupa uzushi sura ya waraka.

Hili naomba mlisome taratibu. Ujumbe uliowafikia ninyi bila shaka ulikuwa na vile vishale viwili juu yake ambavyo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliokwisha kupitishwa mikono mingi. Vishale hivyo viliwekwa kwa makusudi, ili mpokeaji ajue kwamba aliyemtumia siye aliyeandika. Na tangu Aprili 2020, ujumbe wa namna hiyo huwezi kuusukuma kwa watu watano kwa mkupuo kama zamani. Unakwenda kwa mmoja mmoja.

Ninyi mlifanya nini? Mkauchapa upya kwenye karatasi ya chama, mkagonga mhuri, mkapiga picha. Vishale vikapotea, na breki nayo ikapotea. Uvumi usio na mwenyewe ukawa waraka wa ofisi yenye akiba zetu. Mwanachama akiona nembo ile haulizi; ndiyo nembo iliyo kwenye pasibuku yake.

3. Watu walifuta mali zao kwa mikono yao.

Jioni ya siku ya pili baada ya tangazo, alikuja dukani mama mmoja muuza dagaa, mwanachama mwenzetu. Simu ameifunga kwenye pindo la kitenge, inanukia Mwaloni. Akasema, "Baba, nirudishie picha zangu." Nikamuuliza zimekwenda wapi. Alikuwa amesoma tangazo, akakumbuka kwamba asubuhi ile mpwa wake alimrushia video ya harusi, naye hakuwa na uhakika kama ndiyo yenyewe. Akaipeleka simu kwa kijana wa pembeni ya stendi, akamwambia ofisi imesema isafishwe. Kijana akaiflashi, yaani akafuta vyote vilivyomo na kuiwekea programu upya, kwa shilingi elfu tano.

Picha alizotaka hazikuwa za harusi. Daftari lake la madeni lililowana msimu wa mvua, na tangu hapo kila anapomkopesha mtu gunia, huandika kwenye kipande cha karatasi, anakipiga picha, anakitupa. Madeni yote yalikuwa kwenye simu, na hakuwahi kuwekewa akaunti ya kuhifadhi nakala. Nilijaribu programu mbili za kurudisha mafaili. Zikaniletea vipande vya matangazo na picha moja ya mtoto, nusu yake ya kijivu.

Nikampa karatasi na kalamu. Akakaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, nyuma yake kile kitambaa cha bluu, akaanza kukumbuka: Baba fulani wa Goziba, gunia mbili. Yule wa Ukerewe mwenye kofia, gunia moja na nusu, lakini nusu ameshalipa. Alipofika jina la kumi na moja akanyamaza. Alijua kwamba wapo wengine. Akawa anafumba macho na kuyafumbua, kalamu iko hewani, na wateja wa kopi wamejipanga mlangoni bila kusema kitu.

Sasa niambieni: ni kirusi gani kilichomwibia mama huyu?

4. Ofisi nayo ilijifuta.

Kwa hofu hiyohiyo, kompyuta ya ofisi ilipigwa window upya. Kijana aliyeifanya alinieleza mwenyewe kwa unyofu, nami nitakuwa wa mwisho kumlaumu, kwa maana aliagizwa. Faili la marejesho lilikuwa kwenye deskitopu. Nakala ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Windows mpya ikapanda juu yake, basi.

Kesho yake likaja tangazo jingine: kila mwanachama alete stakabadhi za wiki hizo tatu, na asiye na stakabadhi atahesabiwa hajalipa. Mwanachama mmoja alikuwa kisiwani giza lote akivua dagaa. Alilipa kabla ya kuondoka, akarudi mbalamwezi ilipowaka, stakabadhi imekuwa ugali mfukoni. Sasa jina lake lipo ubaoni kwenye orodha ya wadaiwa, mahali ambapo watoto wake hupita wakienda shule. Mimi stakabadhi zangu ninazo zote, kwa hiyo sipigani kwa ajili ya mfuko wangu.

5. Matapeli wakaingia kwa mlango mlioufungua.

Siku chache baadaye wanachama walianza kupigiwa simu: "Natokea chama chenu, kitengo cha kompyuta. Simu yako ina kile kirusi. Nitajie zile namba zilizoingia kwa meseji niitoe." Aliyezitaja alipoteza WhatsApp yake, na ndugu zake wakaanza kuombwa hela kwa jina lake. Nchi nzima tumeshazoea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", tunaicheka na kuifuta. Hii hawakuicheka, kwa sababu habari ya kirusi walikuwa wameshaipata kwenu.

Najua majibu mtakayotoa. Mengine nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema: tahadhari kabla ya athari, heri kuonya kuliko kunyamaza. Methali hiyo naikubali. Lakini mvuvi akiambiwa kila jioni kwamba usiku kutakuwa na dhoruba, na kila usiku ziwa likalala shwari, jioni ya dhoruba yenyewe atasukuma mtumbwi. Na zipo dhoruba za kweli ambazo hamjawahi kuzibandika mlangoni. Dukani kwangu siku haipiti bila mtu kuleta flashi ambayo mafolda yake yamegeuka vialama vya njia za mkato. Kirusi hicho kinasafiri kutoka steshenari hadi steshenari, ya kwangu nayo imo. Nusu ya simu ninazoshika zina GB WhatsApp, toleo lisilo rasmi ambalo WhatsApp wenyewe wamelikataza, na watu wamelitoa kusikojulikana. Hayo yangestahili karatasi yenye nembo.

Mtasema: tulipitisha tu, hatukutunga. Nakubali hamkutunga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamlenga anayechapisha habari akijua ni ya uongo na akiwa na nia ya kupotosha, nami sisemi kwamba mlijua. Simpeleki mtu polisi. Lakini "aisafishe mara moja" haikutoka BBC. Hiyo mliiandika ninyi.

Mtasema: ujumbe ulitaja BBC na CNN. Ndiyo, uliwataja. Na mimi nikiandika kwamba Mwenyekiti amenipa mkopo bila riba, nitakuwa nimemtaja Mwenyekiti. BBC ina idhaa ya Kiswahili. Kuifungua na kutafuta habari hiyo ni kazi ya dakika tatu na bando dogo.

Mtasema: hatuna mtaalamu wa kompyuta. Hili ndilo jibu linaloniuma kuliko yote, kwa sababu tangazo lile halikuhitaji mtaalamu. Lilihitaji msomaji. "Leo asubuhi" ni asubuhi ya tarehe ngapi? Halina tarehe, ndiyo maana linaweza kuishi miaka. Kirusi chenyewe kinaitwaje? Kinashambulia simu za aina gani? Mtu afanye nini zaidi ya kuogopa? Na mwisho wa yote, kwa nini onyo linamhimiza msomaji alisambaze kwa kila ampendaye? Tangu mwaka 1994, watu wa barua pepe walipotishana kwa ujumbe uitwao "Good Times" kwamba ukiufungua tu kompyuta inafutika, onyo la uongo limekuwa na kiungo hichohicho: watumie wote. Onyo hilo halina programu ya kulisambaza, kwa hiyo linawatumia watu.

Hapa niseme jambo kwa haki, asije fundi mwenzangu akanirekebisha. Sidai kwamba video haiwezi kabisa kubeba madhara. Novemba 2019 ilitangazwa kasoro kwenye WhatsApp ambayo faili la video la MP4 lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuitumia. Lakini tazameni onyo la kweli linavyoonekana. Lilitolewa na wenye programu wenyewe, kwenye ukurasa wao. Lilikuwa na tarehe. Liliorodhesha matoleo ya programu yaliyoathirika, namba kwa namba. Dawa yake ilikuwa moja: sasisha. Hakuna aliyeambiwa aisafishe simu, wala aliyeambiwa amjulishe kila ampendaye. Hata WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga kompyuta za hospitali za Uingereza, kilikuwa na rekebisho ambalo Microsoft walikuwa wamelitoa tangu Machi. Waliosasisha Windows zao mapema hiyo njia ilikuwa imeshazibwa. Kirusi cha kweli kina mlango kinaoingilia, na mlango una komeo. Kile kisichozuilika kwa namna yoyote muwe na wasiwasi nacho, maana waganga wa kienyeji nao huongea hivyohivyo kabla ya kutaja bei.

Basi ninayoomba ni haya.

Kwanza, tangazo la kukanusha. Liwe kwenye karatasi ileile, mhuri uleule, mlango uleule, magrupu yaleyale. Kusahihisha kwa mdomo, mmoja mmoja, hakutoshi. Uongo ulikwenda kwa mhuri. Liseme wazi kwamba kirusi hakikuwepo, kwamba hakuna mwanachama anayetakiwa kuflashi simu, na kwamba chama hakina "kitengo cha kompyuta" kinachopigia watu simu kuomba namba. Mkiwa mnaandika, ongezeni kwamba meseji za kitapeli huripotiwa kwa kuzituma 15040, na kwamba *106# humwonyesha mtu laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Pili, orodha ya wadaiwa wa zile wiki tatu iondolewe ubaoni leo, wala isisubiri kikao. Aliyelipa kwa simu ana kumbukumbu kwenye mtandao wake. Chama nacho kina taarifa ya benki. Aliyelipa taslimu dirishani anaweza kulinganishwa na vishina vya vitabu vya stakabadhi, ambavyo vimo kabatini kwenu na havijapigwa window. Kazi hiyo ni ya siku tatu au nne, na nitaifanya pamoja na karani bila malipo.

Tatu, kila Ijumaa faili la marejesho linakiliwe mara mbili, nakala moja ikae nje ya ofisi. Sina zaidi kwenye hili.

Nne, yule kijana wa ofisi asifukuzwe. Nasikia linazungumzwa. Alitii agizo lililosainiwa na wakubwa wake.

Tano, yule mama wa dagaa na wengine waliopoteza kumbukumbu zao kwa kufuata tangazo wasikilizwe na Bodi, na marejesho yao yasogezwe mbele wakati wanakusanya madeni yao. Siombi fidia ya fedha. Naomba muda, ambao chama kinaweza kuutoa bila kufungua kasiki.

Nawapa siku 14 tangu leo. Zikipita kimya, nakala ya barua hii na ya zile mbili za mwanzo nitazifikisha kwa Afisa Ushirika wa wilaya, na mkutano mkuu ukija nitaomba iwe ajenda.

Ila nisingependa tufike huko. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu na flashi mbili tupu, nimeshazisafisha mwenyewe, tayari kuanza na karani. Nitakuja pia na karatasi ya yule mama. Jana alipita dukani bila kununua kitu. Alikuwa amelikumbuka jina la kumi na mbili.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama, mwenye steshenari,
Kirumba

Nakala: Ubao wa matangazo wa chama